Kabla hujamlaza mteja: meridiani na yale maswali ya mwanzo

Sisi wachuaji wa huku Mbeya tuliojifunza mambo ya Kichina, tuina (kuchua kwa Kichina) na akupresha (kubonyeza pointi za mwili kwa vidole), tukikutana ubishi ni uleule. Wengine wanasema mteja akifika mlaze, shika mapigo mkononi, fuata meridiani, yaani zile njia za mwilini ambazo Wachina wanasema chi, nguvu ya uhai, inapita humo, mwili wenyewe utasema, maswali mengi ya nini. Wengine wanasema meridiani hazipo, hata mtu akipasuliwa hazionekani, we chua msuli unaouma umalize. Mi naona wote wanaruka kitu kimoja, yale mazungumzo ya dakika kumi na tano kabla mtu hajavua viatu.

Tuanze na meridiani, maana haki yake lazima ipewe. Zile kuu ni 12, ukiweka ya mbele na ya mgongoni katikati zinakuwa 14, na juu yake kuna pointi 361 za kubonyeza au kuchoma sindano. Sasa chukua ile ya kibofu, inaanzia kona ya jicho, inapanda kichwani, inashuka kandokando ya uti wa mgongo, inapita nyuma ya paja mpaka kidole kidogo cha mguu. Mwonyeshe huo mchoro kijana anayebeba lumbesa za viazi pale sokoni Mwanjelwa atakwambia hapohapo ndo njia ya maumivu yangu hiyo, kiuno mpaka unyayo. Kwa hiyo waliochora walikuwa wanaangalia watu wanaoumwa kweli, hawakutunga tu.

Ila kuchora vizuri njia ya maumivu sio kuthibitisha kwamba kuna chi inapita humo. Wajerumani walitoa utafiti wao mwaka 2007, watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno, kuna waliochomwa sindano za tiba ya Kichina (akupancha) kwenye pointi halisi, kuna waliochomwa juujuu sehemu ambazo sio pointi, na kuna waliopata matibabu ya kawaida. Waliopata nafuu, kwa mpangilio huohuo, walikuwa asilimia 47.6, 44.2 na 27.4. Ni sindano sio kuchua, sawa, lakini ramani ni ileile, na hapo kila upande una la kumeza, wapinzani wanameza kwamba sindano zilishinda matibabu ya kawaida, na sisi tunameza kwamba kuchoma kwenye pointi au pembeni karibu hakukuwa na tofauti.

Sasa kitu ambacho mi nakithamini kuliko ramani ni kuuliza. Mganga mmoja wa China, Zhang Jingyue, aliyezaliwa 1563, aliacha mpangilio wa maswali kumi, la kwanza baridi na homa, la pili jasho, halafu kichwa na mwili, haja kubwa na ndogo, chakula, kifua, kiu na kuendelea. Hebu fikiria mtu katoka Uyole kuja kuchuliwa kiuno, anayemchua msuli tu anauliza panauma wapi, basi, anaanza kazi. Anayefuata yale maswali kumi anafika kwenye jasho, na mteja anasema eeh usiku nalowa mpaka shuka, na suruali zimeanza kunivuka. Hilo swali la karne ya kumi na saba limemfikisha pazuri kuliko mwenzake. Lakini jibu lake je? Nadharia ya Kichina inamwambia yin, ule upande wa ubaridi na unyevu wa mwili, imepungua, bonyeza pointi za njia ya figo, na hapo ndo naogopa kweli, kwa sababu maumivu ya mgongo na jasho la usiku na kukonda inaweza kuwa TB ya uti wa mgongo, na huyo mtu anatakiwa hospitali leo, sio kitandani kwako. Nadharia ina jibu kwa kila kitu na hakuna mahali inapokusimamisha ikakwambia hapa acha.

Nshapata mteja aliyeshuka basi la kutoka Dar, kakaa mchana kutwa, mguu mmoja umevimba, wa moto, nilishaanza kupaka mafuta ndo nikauliza ulianza lini. Inaweza kuwa damu imeganda ndani, ukichua unaweza kuisukuma ikaenda mapafuni. Nilimpeleka hospitali mwenyewe na tangu siku hiyo nauliza kabla ya mafuta.

Kuna tatizo la lugha pia. Meridiani tunaita mishipa, na mama wa Tukuyu anajua mishipa, kuna mshipa wa ngiri, kuna mshipa umekaza, kuna ya damu, sasa ukimwambia mshipa wa ini umeziba anaenda nyumbani akijua ini lake bovu. Mi siku hizi nasema njia, nasema ni mafundisho ya Wachina, sio kipimo.

Na ugumu mwingine ni pazia. Vyumba vyetu vingi vimegawanywa na kitenge tu, anayesubiri zamu kwenye benchi anasikia kila kitu, utamuulizaje binti kama ana ujauzito mama mkwe kakaa pembeni, utamuulizaje baba kama kuna dawa anameza kila siku? Atasema hapana, na we utaandika hapana. Kwangu benchi nimelitoa barazani, mvua ikinyesha watu wanalalamika na kuna wanaoondoka, lakini wiki ya kwanza tu wateja watatu waliniambia kitu ambacho huko nyuma waliniambia hakipo.