Anayemwona Eric Dolphy mpiga kelele aanze na filimbi yake

Wapo wapenzi wa jazi ambao hadi leo humwona Eric Dolphy, Mmarekani aliyepuliza saksafoni, klarineti ya besi na filimbi, kama mtu aliyepuliza ovyo na kuuita uhuru. Lawama hiyo ni kongwe. Mwaka 1961, alipokuwa akipiga pamoja na mpuliza saksafoni John Coltrane, mhakiki John Tynan aliandika katika jarida la Down Beat kwamba muziki wao ulikuwa ukipinga jazi yenyewe, na mwaka uliofuata wawili hao wakajibu katika jarida hilohilo. Humo Dolphy alisimulia kwamba alipokuwa akifanya mazoezi kwao California ndege walipiga miluzi pamoja naye, naye akaacha zoezi lake ili aitikiane nao. Ndege, alieleza, wana sauti zinazokaa katikati ya noti zetu.

Jibu hilo nalipenda sana, ingawa naamini limemponza, kwa kuwa wengi walilisikia kama ungamo la mtu asiye na shule. Ukweli ni kinyume chake. Mtoto huyu wa wahamiaji kutoka Panama, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1928, alisoma noti vizuri kiasi cha kuweza, mwaka 1962, kusimama peke yake katika tamasha la muziki la Ojai, California, na kupiga utunzi mgumu wa Edgard Varèse wa filimbi pekee. Tarehe 21 Desemba 1960 alishiriki katika rekodi ya mpuliza saksafoni Ornette Coleman iitwayo Free Jazz, ambamo wanamuziki wanabuni papo hapo bila kufungwa na kanuni za kawaida, akipuliza klarineti ya besi (klarineti kubwa yenye sauti nzito), na siku hiyohiyo akarekodi albamu yake, Far Cry, ambamo anapiga wimbo mzima wa zamani kwa saksafoni bila hata ngoma ya kumsindikiza. Asiyejua kanuni hawezi kuzishika na kuziachia ndani ya siku moja.

Saksafoni yake inaruka mno kwa sikio geni, na klarineti ile (nakiri) ilinichosha mwanzoni. Filimbi haina kificho. Katika rekodi ya Hilversum, Uholanzi, ya tarehe 2 Juni 1964, anaupiga wimbo wa mapenzi "You Don't Know What Love Is" kwa zaidi ya dakika kumi, akiuingia taratibu kama anayepapasa ukuta gizani, kisha anatawanya sauti kama shomoro waliofurushwa shambani, na kila unapodhani kuwa lahani imempotea, unaikuta mkononi mwake.

Siku 27 baadaye alifariki Berlin Magharibi kwa kisukari ambacho hakikuwa kimegunduliwa, akiwa na umri wa miaka 36. Albamu yake Out to Lunch!, iliyorekodiwa Februari, haikuwa hata imetoka. Wazazi wake walimpa Coltrane filimbi na klarineti ya besi za mwanao. Mwaka 1967, miezi michache kabla naye hajafariki, Coltrane alirekodi "To Be", na humo hapulizi saksafoni, anapuliza filimbi.