Methadoni: tiba, au unga wa Serikali?

Methadoni ni dawa ya kunywa anayopewa mraibu wa heroini badala ya heroini yenyewe. Lawama inayosikika zaidi dhidi ya kliniki zake ni kwamba Serikali inamtoa teja kwenye unga na kumwingiza kwenye unga mwingine, safari hii wa bure. Wanaosema hivyo hawajakosea kabisa. Methadoni ni jamii moja na heroini, ila hii hutengenezwa kiwandani. Inashika sehemu zilezile za ubongo, na anayeiacha ghafla hupata arosto, yaani mateso ya mwili unaodai dawa, tena inayokawia kuisha kuliko ya heroini.

Tofauti iko kwenye saa. Heroini hupanda haraka na kushuka haraka. Saa chache tu kamasi zinatiririka, viungo vinauma, tumbo linaharisha, na akili yote inahamia kwenye kete inayofuata. Ndipo sufuria za nyumbani zinapoanza kutoweka. Methadoni ya kunywa hupanda taratibu na kukaa mwilini siku nzima au zaidi. Dozi ikipangwa vizuri mtu halewi wala hashikwi na arosto. Na asiyejidunga hachangii sindano. Dar es Salaam ilikuwa imeshafikia mahali ambapo aliyekwisha kujidunga alimpa mwenzake bomba lenye damu yake, eti ina heroini ndani, naye ajidunge apoze arosto. VVU vikisambaa kwa namna hiyo, huduma ya methadoni ilifunguliwa Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014, ikianzia Hospitali ya Mathari, Nairobi.

Upande wa pili kuna soba hausi, nyumba anakokaa mraibu ili aache dawa za kulevya, zilizoshamiri Zanzibar na Bara. Nyingi hazitoi dawa mbadala: arosto unaimaliza kavukavu, kisha miezi ya ratiba, vikao na zile hatua 12 za kujinasua na uraibu. Wapo waliotoka humo wakiwa safi, na baadhi yao ndio wanaoziendesha leo. Nguvu yake ni kumtoa mtu maskani, kijiwe cha watumiaji. Hatari yake haisemwi sana: mwili uliokaa miezi bila heroini hauhimili tena kipimo cha zamani. Akirudi mtaani akatumia kilekile, pumzi inaweza kukatika. Siku ya kutoka, familia inapika pilau. Sijui ni familia ngapi zimeelezwa hatari hiyo.

Kwa heroini, mimi naegemea methadoni, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Lakini isigeuzwe dawa ya kila uraibu. Si tiba ya bangi, mirungi wala kokeini, na ikichanganywa na pombe au valiamu, ile dawa ya kutuliza, inaweza kuua.

Ninachoilaumu ni foleni. Kwa utaratibu wa kawaida dozi hunywewa mbele ya mhudumu kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Anayeishi mbali anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, na hana kazi; akipata kibarua cha alfajiri, achague kibarua au dozi. Kumpa dozi za kwenda nazo nyumbani kungempunguzia adha hiyo, ingawa wanaoogopa nao wana lao: dozi ya mzoefu inatosha kumuua mtoto atakayeikuta kabatini, na maskani hapakosi mnunuzi. Ningeanza na wachache waliotulia kwa muda mrefu na wenye kazi, wapewe dozi za siku mbili tatu kwa wiki, katika chupa ambayo mtoto hawezi kuifungua.