Viyeyushi vya bakteria vinakwama kwenye maji, si kwenye kimeng'enya

Kila inapotangazwa kwamba maabara fulani imeboresha kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) cha kutengenezea viyeyushi, yaani vimiminika vya kuyeyushia rangi na vitu vingine, mimi hutafuta namba moja tu: mwisho wa uchachushaji, ndani ya tangi mna gramu ngapi za kiyeyushi kwa kila lita? Mara nyingi namba hiyo haitajwi, na kwangu hilo ni kosa kubwa, maana ndiyo inayoamua uhai wa kiwanda.

Kazi ya kutengeneza viyeyushi kwa bakteria ni ya zamani. Louis Pasteur aligundua tangu miaka ya 1860 kwamba wapo vijidudu wanaotoa butanoli, aina ya alkoholi inayotumika kama kiyeyushi. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, Uingereza ilihitaji asetoni, kiyeyushi kingine, kwa wingi kwa ajili ya baruti, na Chaim Weizmann, mkemia wa Manchester, akawa na bakteria wa kuitengeneza kutokana na wanga wa mahindi. Nafaka zilipoadimika mwaka 1917, watoto wa shule waliombwa waokote mbegu za miti ili zitumike badala yake. Bakteria huyo, Clostridium acetobutylicum, hutoa asetoni, butanoli na ethanoli kwa uwiano wa takriban 3:6:1. Baada ya vita butanoli ndiyo iliyotafutwa zaidi, kwa ajili ya rangi za magari. Kisha mafuta ya petroli yakaja na bei ya chini, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, ingawa kile cha Germiston, Afrika Kusini, kiliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Namna bakteria huyo anavyofanya kazi inanivutia sana. Kwanza hugeuza sukari kuwa asidi ya asetiki na ya butiriki. Asidi zikizidi kiasi cha kumdhuru, huwasha vimeng'enya vingine vinavyozigeuza kuwa viyeyushi. Jeni muhimu za hatua hiyo ya pili zimebebwa kwenye plasimidi kubwa, yaani kipande cha DNA kilicho kando ya kromosomu, na bakteria anaweza kuipoteza. Akiipoteza anaendelea kula na kuzaana kama kawaida, ila viyeyushi hatoi tena.

Lakini butanoli ni sumu kwa mwenye kuitengeneza. Ikifika kama gramu 13 kwa lita, bakteria husimama. Maana yake tangi zima ni maji yenye butanoli kidogo tu, na kwa kuwa butanoli huchemka kwenye nyuzi 118 za Selsiasi, joto la juu kuliko la maji, kuitenga kwa mvuke kunakula nishati nyingi mno. Kimeng'enya chenye kasi maradufu kitafikisha tangi kwenye gramu hizo 13 mapema zaidi, basi. Ndiyo maana naona fedha za utafiti ziende kwanza kwenye kuitoa butanoli wakati uchachushaji unaendelea, ama kwa kupuliza gesi inayoibeba, ama kwa utando unaoipitisha na kuyazuia maji. Bakteria akiondolewa sumu yake huendelea na kazi.

Asetoni huchemka kwenye nyuzi 56, kwa hiyo kuitenga ni rahisi zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa kampuni ya LanzaTech na wenzao walichapisha kazi ya bakteria mwingine, Clostridium autoethanogenum, aliyebadilishwa jeni, anayetengeneza asetoni na isopropanoli kutokana na gesi taka za viwandani, bila kugusa punje ya nafaka. Hiyo naiunga mkono kwa moyo wote: chakula cha watu hakipaswi kugeuzwa kiondoa rangi ya kucha. Tatizo lake liko sokoni. Asetoni nyingi duniani leo hutoka pamoja na fenoli, kemikali ya kutengenezea plastiki, kwenye mchakato mmoja unaotumia malighafi ya petroli, na mwenye kiwanda cha fenoli lazima aiuze tu, hata kwa bei ya kutupa. Serikali zinazotaka kiyeyushi cha bakteria kishindane na bidhaa ya namna hiyo zianze kutoza kaboni inayotoka kwenye petroli.