Fundi Kaleta Wavu

Jana jioni guta limesimama mlangoni kwangu, fundi seremala anashusha meza ya kijani, tambarare, haina hata tundu la goli. Katikati kafunga wavu. Mimi niliagiza mpira wa meza, nikimaanisha ile meza ya wanasoka wa mbao waliochomekwa kwenye vyuma!

"Fundi, hii nini?"

"Mpira wa meza, mzee."

"Na wachezaji wako wapi?"

"Si watakuja wakitoka shule?"

Umeme nao ukakatika hapo hapo. Hilo tuliache.

Nikajikusanya. Jamani, mimi ni mweka hazina wa vijana wa mtaa, cheo nilichopewa kwa kosa la kuchelewa kikao, na advansi ya laki mbili imetoka mkononi mwangu. Nikamweleza taratibu, kama mtu mwenye cheo: vyuma 8, wachezaji 22, kila upande kipa 1, mabeki 2, viungo 5, washambuliaji 3. Unashika mpini, unazungusha. "Wamechomekwa kama mishikaki," nikamalizia.

Fundi akakuna kidevu. "Mzee, kama ulitaka jiko la mishikaki ungesema mapema."

Vijana wakaangua kicheko. Mmoja ati, "Mzee, si ungesema tu fuzbo!" Fuzbo! Kijerumani hicho, Fußball, maana yake mpira wa miguu, ule ule wa uwanjani. Wamarekani ndio waliolibandika kwenye meza. Wajerumani wenyewe ukiwaambia hivyo watakutafutia nyasi. Wao ile meza wanaiita Kicker. Kinyozi wetu kutoka Lubumbashi naye akadakia, kwao ni bebifuti, jina la Kifaransa. Nikamwambia anyoe.

Na yule Mwingereza, Harold Searles Thornton, aliyepewa hataza, yaani hati ya mvumbuzi, ya meza hiyo mwaka 1923, kwenye karatasi aliandika kifaa cha kuchezea mpira wa mezani. Maneno yangu yale yale! Angemwagiza fundi huyu, naye angeletewa wavu.

Uwanjani tuna soka, tuna kandanda, tuna kabumbu, mtangazaji anachagua kama nguo za mtumba. Mchezaji akichomekwa chuma tu, jina hana. Lile moja tulilobaki nalo, mpira wa meza, wamekwishawapa watu wa vibao na kile kimpira cheupe. Halafu lawama za nani? Za mweka hazina.

Nimeamka asubuhi, maji hayatoki, natoka na ndoo, namkuta Mama Shakiru kaanika dagaa juu ya meza. Wa Mwanza upande huu wa wavu, wa Kigoma upande ule, wasichanganyike bei. Nimemuuliza kwa idhini ya nani. Kanipimia kisado, kasema baba chukua ukapikie watoto. Nimechukua. Fundi anapiga simu tangu alfajiri, anataka salio lake.