Kidude cha Shemeji

Mimi mjini hapa Mombasa nilikuwa na cheo, yakhe. Mgeni akipotea kati ya Makadara na Kibokoni, analetwa barazani kwetu nimwelekeze. "Fuata njia hii mpaka Mwembe Kuku." Mgeni anatembea shingo juu, anatafuta mwembe. Mwembe hauoni, kuku naye hayumo. Sasa hilo nalo kosa langu?

Basi shemeji akaja kutoka Muscat na kidude cha kuonyesha njia, wenyewe wanakiita GPS, kadiri ya redio ya mkononi, akakibandika kwenye kioo cha gari. Ndani mna bibi anasema Kizungu cha puani: kata kulia, kata kushoto. Na mimi, mzaliwa wa mji, nimefungwa mkanda kiti cha mbele kama gunia la nazi.

Nikamwambia, hiki kitakumaliza bando. Akacheka. Hakili bando, ramani zote zimo ndani, chenyewe kinasikiliza setilaiti tu, zaidi ya 24, ziko juu kilomita elfu ishirini na ushei. Za Wamarekani, na kusikiliza ni bure. Bure, kwa Mmarekani? Akakiri kwamba mpaka Mei 2000 walikuwa wakiyavuruga makusudi mawimbi ya raia. Hapo nikaridhika, huyo ndiye ninayemjua.

Buxton tukaipita kona bila kukata. Nikangojea matusi. Bibi wa watu akanyamaza kidogo, akatafuta njia nyingine, basi. Mke wangu ukimkosesha kona Buxton, mnavuka daraja la Nyali bado anamtaja mamako.

Likoni bibi yule wa kidude alitupigia hesabu ya kuvuka kwa dakika chache. Foleni ya feri haionekani kutoka juu huko, nadhani.

Lakini raha yangu niliipata Mji wa Kale. Tumeshuka, shemeji kakishika mkononi, kikatuonyesha tumesimama baharini! Na huku mgongo wangu umeegemea mlango wa muuza bajia, namsikia anageuza karai. Shemeji akajitetea: kinataka kuona setilaiti 4 kwa uchache, na vichochoro hivi kuta ndefu zimeziba mbingu. Nikamshika mkono kama kipofu, nikamtoa mpaka Fort Jesus. Sijapata kutembea kwa maringo vile.

Alipoondoka akaniachia. Nikakitia mfukoni, najifanya sikitaki. Kumbe usiku, natoka harusini Kisauni, mitaa yote sura moja, nikabonyeza ile picha ya kijumba, kikanileta mpaka mlangoni. Mambo ya haki nayasema.

Nisilolijua ni kwamba kinachora mstari kila nilipopita, na saa kinaweka. Juzi mke wangu kakichukua, kavaa miwani, kakisoma kama barua ya posa. Kisha kwa sauti ya upole, ile inayonitisha:

"Ami yako mgonjwa wa Changamwe, kahamia lini Mwembe Tayari, kwenye kahawa?"