Kariakoo: ndoo ya zege na ada ya maegesho

Jumamosi moja nilikwenda Kariakoo, Dar es Salaam, kuchukua kitambaa cha mapazia. Mtaa wa Narung'ombe ulikuwa umejaa, isipokuwa nafasi moja iliyowekewa ndoo ya rangi iliyojazwa zege na kuchomekwa fito. Kijana akaisogeza, akanielekeza: rudi, rudi, kata yote, hapo hapo. Hata sijazima gari, dada wa maegesho akawa ameshafika na kimashine chake, akapiga picha namba ya gari. Nikalipa kwa simu. Kijana naye akanyoosha mkono. "Yule anakusanya ya serikali, bosi. Mimi nakuangalizia."

Muuza vitambaa alinipokea kwa malalamiko kabla ya bei: ada za paking zinafukuza wateja. Si hoja ya kupuuza. Mteja wa majora matatu hapandi nayo daladala. Ukimwongezea karaha, atakwenda kwenye mall yenye uwanja wake, au ataagiza kwa picha za WhatsApp na bodaboda impelekee. Akishazoea hivyo, haingii tena dukani, na zile fimbo za pazia ambazo angezinunua kwa kuziona tu zinabaki hapo. Saluni zinaumia zaidi. Kusuka rasta ni saa tano au sita. Tuseme saa moja ni shilingi 500, basi mteja anayelipia kwa saa anabeba 2,500 hadi 3,000 juu ya pesa ya msusi. Mwenye duka la dawa, ambaye mteja wake hakai hata dakika kumi, hana cha kulalamikia.

Tangu TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, ihamie kwenye mfumo wa kielektroniki mwaka 2021, deni linafuata namba ya gari. Hilo limepunguza pesa kupita mikononi mwa watu, nami naliunga mkono. Ila umesimama kidogo mama ashuke, hujamwona mtu, kumbe umeshaandikiwa. Unakuja kujua siku nyingine kabisa. Bei mteja huizoea, kuviziwa hakuzoeleki.

Sasa upande wa pili, ambao wafanyabiashara wetu hawapendi kuusikia. Mita ya kwanza ya maegesho duniani iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, senti tano kwa saa, na waliotaka dawa hiyo walikuwa wafanyabiashara wenyewe. Wafanyakazi wa mjini walikuwa wakipaki asubuhi na kuondoka jioni, wateja wakizunguka bila pa kusimama. Ada ilikuja ili nafasi moja ihudumie wateja wengi kwa siku, badala ya mtu mmoja.

Kariakoo ugonjwa ni ule ule. Nilimuuliza yule muuza vitambaa Noah nyeupe iliyoziba mlango wake ni ya nani. "Yangu," akasema. "Nalipia ya siku nzima, inakuwa nafuu." Jirani yake hivyo hivyo, na wa pili yake. Nikahesabu magari sita mbele ya fremu sita, vioo vimetiwa maboksi kuzuia jua. Hayo hayakuwa yakinunua chochote. Kirikuu kilicholeta mzigo kilikuwa kinashushia katikati ya barabara, guta na mikokoteni nyuma yake ikipiga kelele.

Kwa hiyo kwangu ada si kosa. Kosa ni ada inayombembeleza anayekaa na kumbana anayepita. Ningefuta malipo ya siku nzima kwenye mitaa ya kuuzia, na dakika 30 za mwanzo ningeziacha bure kwa anayepakia mzigo. Tena tusijidanganye kuhusu idadi ya wateja wenye magari. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, ukisimama kituo cha Msimbazi Polisi au Gerezani utaona mifuko ya Kariakoo inavyopanda basi. Huyo wa mguu ndiye anayelazimika kushuka barabarani kwa sababu pembezoni kumezibwa na magari.

Kuna na suala la pesa inakokwenda. Old Pasadena, eneo la maduka huko California, Marekani, walipoweka mita mwaka 1993, wenye maduka walipinga mpaka walipoahidiwa kwamba mapato yatarudi kwenye mitaa hiyo hiyo: njia za miguu, taa, usafi. Wakakubali. Hapa mtu analipia kuegesha pembeni ya mtaro uliofurika, halafu tunashangaa akinuna.

Nilimwambia muuza vitambaa pendekezo langu la kufuta malipo ya siku, wakati anakunja kitambaa changu. Akacheka mpaka akaweka mkasi chini.

"Sasa hiyo Noah niipeleke wapi, kaka? Bondeni Jangwani, kwenye mafuriko, ikaogelee?"

Hapo sikuwa na jibu. Nikambebesha kijana wa ndoo mzigo wangu, tukatoka.