Kitabu ruksa, diski marufuku

Mwaka 1994 mhandisi Mmarekani, Philip Karn, aliiuliza Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yake swali la kichokozi: kitabu cha Bruce Schneier kuhusu usimbaji fiche (kuvuruga ujumbe ili asiye na ufunguo asiusome), chenye programu zilizochapwa kurasani, naweza kukitoa nje ya nchi? Akajibiwa toa tu, hakituhusu. Akarudi na diski yenye programu zilezile za kitabuni. Hiyo akanyimwa. Ni silaha.

Ndiyo, silaha. Usimbaji fiche imara ulikuwa orodha moja na vifaru na makombora. Mzigo ni uleule, lakini ukiwa kwenye gunia hili unapita, kwenye gunia lile unakamatwa.

Phil Zimmermann ndiye aliyeonja joto lake. PGP, programu yake ya kusimba barua pepe aliyoitoa 1991, ilivuka mipaka, naye akachunguzwa kwa jinai kuanzia 1993 hadi Januari 1996, bila kushtakiwa. Uchunguzi ukiwa bado unaendelea, mwaka 1995, MIT Press, wachapishaji wa chuo kikuu cha MIT, ikachapa msimbo wote wa PGP, yaani maandishi yanayounda programu yenyewe, kama kitabu, kwa herufi zilizochaguliwa ili skana izisome vizuri. PGP 5.0 ilipotoka 1997, vitabu vyake, kurasa zaidi ya 6000, vilisafirishwa kihalali hadi Ulaya. Watu wa kujitolea, wakiratibiwa na Mnorwe Ståle Schumacher, wakaviskani ukurasa baada ya ukurasa na kusahihisha kila herufi ambayo mashine ilibabaika nayo: hii ni l au 1? Hii O au 0? Wewe unayekosea tokeni ya LUKU yenye tarakimu 20 tu, hebu fikiria kurasa 6000.

Wapo wanaosema huo ni ujanja ujanja wa kukwepa sheria. Sikubaliani nao. Mtu anayekwepa sheria hujificha; hawa walifanya mchana kweupe, wakaiachia serikali ichague: ipige marufuku vitabu, katika nchi ambayo katiba yake inalinda uchapishaji, au ikubali kwamba marufuku yake inavuja. Haikuthubutu kugusa vitabu.

Na aliyeumia hakuwa jasusi wa adui, maana huyo hakosi fundi wa kumwandikia programu. Aliumia mteja wa kawaida wa nje, aliyepewa kivinjari cha Netscape chenye ufunguo wa biti 40 huku Mmarekani akitumia biti 128; ufunguo ukiwa mfupi, ni rahisi kuuvunja. Agosti 1995 Mfaransa Damien Doligez aliuvunja ufunguo wa biti 40 kwa siku nane, kwa kompyuta za kazini kwake na za vyuo vya Ufaransa tu.

Hata biashara ikawakimbia. Afrika Kusini, kijana Mark Shuttleworth alianzisha Thawte, kampuni ya kutoa vyeti vya usalama vya tovuti, mwaka huohuo wa 1995, akiwa nje ya mikono ya marufuku hiyo. Desemba 1999 kampuni ya Kimarekani, VeriSign, ikakubali kuinunua kwa dola milioni 575. Mwezi uliofuata, Marekani ikalegeza masharti ya kusafirisha usimbaji fiche nje.